Kupamba Bustani kwa Vifaa vya Michezo Vilivyochakaa: Mwongozo Kamili

Gunia lililokaa miaka chini ya ngazi ya nyumba yetu Kigamboni lilikuwa na mipira minne ya miguu iliyotoboka, jozi tatu za njumu zilizoachia soli, raketi moja isiyo na nyuzi, na wavu wa goli ambao timu ya mtaani iliuacha ilipopata mpya. Kando yake gurudumu la baiskeli ya Phoenix lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mara ya kwanza nilipotaka kuvifanya mapambo nilivitundika vyote kwenye uzio jinsi vilivyo, na jirani yangu alipopita akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeanza biashara ya kununua chuma chakavu. Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja: kifaa cha mchezo kikiingia bustanini hupewa kazi. Mpira hubeba mmea, gurudumu hushika asumini, wavu hupandisha dodoki, na kile kisichopata kazi hurudi guniani, hata kama rangi yake inapendeza.

Mwongozo huu unafuata kanuni hiyo. Vipimo nilivyovitaja ni vya vifaa vinavyopatikana kwa urahisi Afrika Mashariki, na maelezo mengi yanaelemea pwani, ambako chumvi ya bahari huharibu chuma mapema kuliko bara.

Kuchagua kinachofaa

Anza kwa kuhakikisha kwamba kifaa kimekwisha kweli. Mpira unaoshika upepo hata kwa siku mbili wapelekee watoto, kwa maana hakuna chungu cha maua kitakachowafurahisha kama mpira. Njumu ambazo fundi viatu anaweza kuzishona, zishonwe. Ikiwa vifaa ni vya shule au vya klabu, omba ruhusa ya anayehusika kabla ya kuvichukua, kwa sababu hata mpira uliopasuka huenda bado umeandikwa kwenye daftari la stoo.

Kisha vitenganishe kwa malighafi badala ya kuvitenganisha kwa mchezo. Vitu vya mpira na plastiki, kama mipira, soli za njumu na vikinga ugoko, huvumilia maji lakini hupasuka kwa jua. Vya chuma, kama rimu na nguzo ndogo za magoli ya watoto, huvumilia jua lakini huliwa na kutu. Vya mbao huliwa na mchwa vikigusa udongo. Vilivyojazwa sponji, kama glavu za ndondi na za kipa, ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa sababu hunyonya mvua, huota ukungu na kuanza kunuka. Hivyo mimi sivitoi nje ya baraza hata siku moja.

Zana zinazohitajika ni chache: mkasi imara, kisu chenye ncha, msharasi wa fundi viatu, plaisi, spana za baiskeli, msasa wa namba 80 na 120, brashi ya waya, brashi mbili za rangi, na drili yenye meno ya milimita 6 na 8. Asiye na drili anaweza kupeleka kazi ya kutoboa kwa fundi seremala wa mtaani, aifanye yote kwa mara moja. Usitoboe mpira kwa msumari uliopashwa moto, ingawa njia hiyo imezoeleka. Mipira mingi ya bei nafuu imefunikwa kwa plastiki iitwayo PVC, na moshi wa PVC iliyoungua ni sumu.

Kuosha, na suala la mbu

Vifaa vya mpira na plastiki vioshwe kwa sabuni ya unga na brashi, kisha viloweshwe kwa dakika 20 katika ndoo ya lita 10 iliyotiwa nusu kikombe cha jiki, visuuzwe vizuri na kuanikwa kivulini kwa siku mbili. Jiki isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Chuma hakiwekwi jiki kabisa kwa kuwa huongeza kutu. Chenyewe kinatosha kusuguliwa kwa maji baridi na sabuni.

Jambo la pili ni zito zaidi, na nililijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mpira wa kwanza nilioukata na kuupandia maua niliusahau kuutoboa chini. Masika ilipoanza mmea ulioza, na wiki mbili baadaye, nilipouinamisha kumwaga tope, maji yaliyotangulia kutoka yalikuwa yamejaa viluwiluwi. Dar es Salaam imekumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hupenda hasa vyombo vidogo vya namna hii: matairi, makopo, vifuu vya nazi. Hutaga mayai kwenye ukingo wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Yai hilo laweza kukaa kavu kwa miezi na likaanguliwa maji yakirudi, na katika joto la pwani huchukua takriban wiki moja hadi siku 10 kuwa mbu mzima. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta wa ndani wa chombo sharti usuguliwe kwa brashi. Kila pambo litakaloelezwa hapa chini lina tundu la kutolea maji, au limejazwa kabisa kiasi kwamba maji hayana pa kukaa.

Mpira wa miguu kuwa chungu cha maua

Mpira wa saizi 5, ambao ndio wa watu wazima, una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, yaani upana wa sentimita 22 hivi. Ule unaofaa zaidi kwa kazi hii ni wa mtindo wa zamani wenye vipande 32 vilivyoshonwa, pembetano 12 nyeusi na pembesita 20 nyeupe, kwa sababu unaweza kufunguliwa kwa kufuata mshono badala ya kukatwa ovyo. Mipira ya kisasa iliyogundishwa kwa joto inabidi ikatwe kwa kisu. Inafaa pia, ila ukingo wake hauvutii sana.

Chagua pembetano moja iwe kilele. Ingiza ncha ya kisu katikati ya vipande viwili na ukate uzi peke yake, bila kugusa ngozi, ukiizunguka ile pembetano pamoja na pembesita tano zinazoipakana. Sehemu hiyo ikitoka kama kofia, utabaki na mdomo wenye upana wa kati ya sentimita 15 na 20 ambao ukingo wake umepinda kwenda juu na chini, pembetano kwa pembesita, kana kwamba mtu aliuchora kwa makusudi. Ukingo huo ndio uzuri wote wa chungu hiki. Tatizo ni kwamba mshono uliokatwa huendelea kufumuka wenyewe, hivyo kila ncha ya uzi inayoning'inia ifungwe fundo, iguswe kwa moto wa kiberiti hadi iyeyuke kidogo bila kuunguza ngozi, kisha itiwe tone la gundi ya viatu. Ncha huwa 10 au zaidi. Kazi hii yataka subira, na anayeiruka ataona chungu chake kimeachana vipande kabla ya mwaka kwisha.

Vuta nje bladda, yaani mpira wa ndani unaoshika upepo, lakini usiitupe. Ikatwe kwa mkasi kuwa mikanda myembamba ya upana wa sentimita moja, kwa kuwa hakuna kamba inayofaa kufungia mashina laini kama hiyo: inavutika mmea unaponenepa na haiukati. Toboa matundu matano ya milimita 8 kwenye kitako cha mpira, yote ndani ya eneo la kiganja.

Bila upepo mpira hulegea, na wengi hukata tamaa hapa. Umbo lake hurudi kwa namna unavyoujaza. Tandaza usumba wa nazi ndani kwa unene wa sentimita mbili, ukiugandamiza kwa ngumi kuelekea ukutani. Makumbi yaliyopondwa vizuri hufanya kazi ileile. Weka vipande vichache vya mkaa juu ya matundu, kisha jaza mchanganyiko wa udongo sehemu mbili, mboji sehemu moja na mchanga wa mto sehemu moja, ukishindilia kidogo kidogo kuanzia pembeni kuja katikati. Mpira utajitutumua na kuwa duara tena. Acha sentimita tatu kutoka ukingoni ili maji ya kumwagilia yasifurike.

Mimea inayostahimili ufinyu huo ni mshubiri, waridi la jangwani likiwa bado changa, na vinka. Kwa mshubiri na waridi la jangwani ongeza mchanga uwe nusu ya mchanganyiko. Mboga sizipandi humu, kwa kuwa gundi na rangi zilizomo kwenye mpira hazikutengenezwa zikae karibu na chakula.

Mtu akitaka kuutundika, akumbuke kwamba chungu hiki kikimwagiliwa kinaweza kupita kilo tano. Kamba ya katani huoza baada ya mvua chache; tumia ya nailoni, nyuzi nne zilizofungwa fundo moja chini ya kitako na kupandishwa juu kwa umbali sawa, na ndoano iingie kwenye boriti badala ya dari ya jipsamu. Mpira unaokaa chini uwekwe juu ya pete iliyokatwa kwenye tairi la baiskeli, ili usibingirike na matundu yake yapumue.

Mpira kuwa tufe la zege

Mpira uliopasuka vibaya kiasi cha kutofaa kuwa chungu unaweza kuwa kalibu ya tufe la kupanga kando ya njia. Safari hii bladda isitolewe, kwa sababu saruji hushikana na kitambaa cha ndani ya mpira na kukibandua huwa mateso. Fungua pembesita moja, pasua bladda mahali hapo kwa urefu wa sentimita tano, uingize shingo ya chupa ya plastiki iliyokatwa kitako iwe faneli, kisha ukalishe mpira ndani ya karai la mchanga hadi nusu yake izame. Usipoukalisha hivyo, uzito utaubonyeza na utapata kitu kinachofanana na andazi.

Kwa mpira wa saizi 5, makopo mawili ya lita moja ya saruji na makopo sita ya mchanga uliochekechwa yanatosha na kubaki kidogo. Koroga uwe mwepesi kiasi cha kumiminika, jaza taratibu huku ukigonga mpira pande zote ili hewa itoke, na uuache siku mbili bila kuugusa. Ukiumenya utaona alama za mshono zimejichora hafifu juu ya zege. Tufe lifunikwe kwa gunia bichi kwa siku saba. Lina uzito wa kilo 12 hivi, kwa hiyo lisiwekwe juu ya ukuta au mahali pengine ambapo laweza kumwangukia mtoto. Rangi ingoje wiki nne, kwa kuwa saruji mbichi huibandua, na iwe rangi ya maji ya nje. Nyumbani kwetu kuna Msimbazi na Jangwani, yaani mashabiki wa Simba na wa Yanga, chini ya paa moja, ndiyo sababu matufe sita ya njiani ni matatu mekundu na matatu ya kijani, na mzozo wa nani awe karibu na geti haujapata mwamuzi.

Gurudumu la baiskeli na asumini

Rimu ya baiskeli ya inchi 28 ina upana wa karibu sentimita 65, na spoku zake tayari ni mtandao mzuri wa kutambazia mmea. Toa tairi, tyubu na utepe wa ndani. Tyubu nayo ikatwe mikanda kama bladda. Jaribu rimu kwa sumaku. Ikinata ni chuma, na ndiyo yenye kazi. Isiponata ni aluminiamu, haishiki kutu, hivyo inatosha kusuguliwa kwa msasa laini na kupakwa rangi ukitaka, ingawa mimi naiacha na mng'aro wake.

Rimu ya chuma isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa wa namba 80 hadi kutu yote inayobanduka itoke, kisha kwa namba 120. Wakazi wa pwani wasiruke hatua inayofuata: isuuze kwa maji ya bomba na uikaushe siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi iliyobaki chini ya rangi hufura na kuichubua kutoka ndani. Paka redi oksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mkono mmoja, ukizingatia vichwa vya spoku vinapoingia kwenye rimu, ambako kutu huanzia. Baada ya saa 24 paka rangi ya mafuta mikono miwili. Kijani iliyoiva au nyeusi huyaacha maua yaonekane. Rangi nyekundu hushindana nayo, na ua la asumini ni dogo mno kwa mashindano hayo.

Nguzo yafaa iwe bomba la mabati la inchi moja na nusu lenye urefu wa mita mbili na nusu, lifukiwe nusu mita kwenye zege. Toboa bomba sentimita 160 kutoka ardhini kwa kipenyo cha ekseli ya gurudumu. Gurudumu la mbele ndilo rahisi, kwa maana halina friwili, yale meno ya kushika mnyororo. Ikiwa ekseli ni fupi, fundi baiskeli anaweza kukuwekea ndefu iliyotumika. Pitisha, kaza nati mbili, kisha funga spoku moja kwa waya kwenye nguzo ili gurudumu lisizunguke, kwani upepo wa kusi ukilizungusha shina litanyongwa.

Mche wa asumini upandwe sentimita 30 kutoka kwenye nguzo. Asumini haijisokoti vizuri kama mimea mingine itambaayo, hivyo kila tawi jipya lisindikizwe kwa mkono na kufungwa kwa mkanda wa bladda, kwanza kwenye nguzo, kisha kuzunguka rimu, na mwisho kuingia kwenye spoku. Ikishaifunika rimu, ipunguzwe kila inapomaliza kuchanua. Matumba yachumwe alasiri kabla hayajafunguka, kama wachumavyo wanaotunga vikuba, vile vishada vya kunukia, na gurudumu liwe karibu na dirisha la chumba cha kulala ili harufu ya usiku isipotee bure.

Wavu wa goli na dodoki

Goli la kawaida lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, kwa hiyo wavu mmoja hutosha ukuta mzima na kubaki. Kabla ya kuutumia, shika jicho moja la wavu kwa mikono miwili na ulivute kwa nguvu; likikatika, jua limeshaumaliza. Ukuta upigwe papi, yaani mbao nyembamba, za inchi mbili kwa mbili, wima, kila baada ya mita moja na nusu, na wavu ukazwe juu ya papi hizo ili kubaki na nafasi ya kupitisha hewa nyuma ya majani. Ukingo wa chini uishie sentimita 30 juu ya ardhi. Wavu unaoburuzika chini hunasa vifaranga, mijusi na hata nyoka, na kuwanasua si kazi ya kufurahisha.

Watu hupenda kupandisha pasheni, lakini likikomaa ni zito mno kwa wavu mkuukuu. Dodoki linafaa zaidi: hujishikiza lenyewe, maua yake ya njano hujaa ukuta, na matunda yake yakikaukia juu huwa mepesi na kumpa mwenye nyumba madodoki ya kuogea. Mbegu zipandwe mvua zinapoanza, mbili kwa shimo, kila baada ya mita moja.

Njumu na vilivyobaki

Meno ya njumu huinua soli kutoka chini, kwa hiyo zikitobolewa katikati ya meno hutoa maji vizuri kuliko vyungu vingi vya dukani. Toa soli ya ndani, toboa matundu manne, tia usumba na udongo, na panda mshubiri mdogo. Udongo hauzidi lita moja, hivyo hukauka upesi na wakati wa kiangazi huenda ukahitaji maji kila siku. Njumu nyeusi zisikae kwenye jua la mchana, kwa sababu mizizi hupikika. Zipange kwenye ngazi au juu ya papi, jozi kwa jozi. Moja peke yake huonekana imesahauliwa. Kamba zake zibaki na zifungwe kama kawaida.

Raketi isiyo na nyuzi huchomekwa mpini kwenye chungu kikubwa ili kushikilia mmea dhaifu. Ya mbao ipakwe vanishi mikono mitatu na mpini uvalishwe kipande cha tyubu dhidi ya mchwa. Vikinga ugoko vya plastiki huandikwa majina ya mimea kwa rangi ya mafuta na kuchomekwa ardhini.

Uangalizi

Mara moja kwa wiki pitisha kijiti kwenye kila tundu la kutolea maji, kwa sababu mizizi huyaziba. Kabla ya masika mwezi Machi na kabla ya vuli mwezi Oktoba, kagua kutu na uguse kwa rangi mahali palipochubuka, hasa upande wa rimu unaotazama bahari. Mipira huanza kupasuka ngozi juani baada ya misimu michache. Mmea uhamishwe kabla vipande havijaanza kudondoka bustanini, na usumba wake utupwe kwenye shimo la mboji pamoja na udongo, lakini si ngozi ya mpira wala uzi wake, ambavyo haviozi.

Wavu ushushwe dodoki likishakauka, usafishwe mashina yaliyojisokota kabla hayajawa magumu, na ukunjwe kivulini hadi mvua zijazo. Ukipumzishwa hivyo hudumu zaidi. Mwaka jana wetu ulishushwa mapema kidogo, kwa kuwa ile timu ya mtaani ilikuja kuuazima: ule mpya wao ulikuwa umechanika.